Mayai ya Kambale wa Mukoli

Kama kuna mtu Kasongo nzima ambaye usingethubutu kumuuzia debe la mchele lenye mawe chini, mtu huyo ni Emilienne. Angelimwaga lote mbele za watu, akalipima upya, kisha akakupa maneno ambayo hata mama yako hajawahi kukupa. Wanafunzi wake wa biolojia pale chuoni walikuwa wakisikia viatu vyake tu kwenye korido, wanaacha kucheka. Ndiyo maana jambo lenyewe linauma. Mwanamke wa namna hiyo, mwenye macho hayo na mizani hiyo, alipotoshwa miaka mitatu na wanawake wa kijiji cha Wamaza wenye vikapu na mabeseni, na wala hawakuwa na nia mbaya. Walimpenda. Afadhali wangemchukia, angalau angekuwa macho.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mto mdogo unaitwa Mukoli, unateremka kutoka vilima vya dhahabu, unapita kando ya Wamaza, unaenda kumwaga maji yake Luama. Mwaka mmoja kabla Emilienne hajaanza kazi, zilifika mashine tatu za kunyonya mchanga wa mtoni. Wenye mashine hukamata dhahabu kwa mercure, ile dawa nzito inayong'aa na kukimbiakimbia kwenye kiganja, halafu masalio huyarudisha majini kama vile mto ni shimo la taka la baba yao. Sumu ya aina ile haina haraka. Samaki haelei juu tumbo wazi ili watu waone na kupiga kelele. Anaogelea, anakula, hata ananenepa. Ila ndani ya damu yake kuna wajumbe wanaoitwa homoni, ndio humwambia jike sasa pevusha mayai, sasa yaachilie, na sumu inawavuruga wajumbe hao mpaka samaki anasahau kuzaa.

Ukitaka kujua kama hilo limefika, hakuna njia ya mkato. Unapasua matumbo mwezi baada ya mwezi. Unampima samaki, unapima mayai yake, unagawanya, unaandika. Kambale ana kalenda yake: mayai yanakua kiangazi chote, mvua zinapoanza na maji yakifunika majani, anayamwaga, tumbo linabaki bapa. Kupanda na kushuka, kila mwaka. Kalenda hiyo ikivurugika, mto umeguswa. Emilienne alitaka kujua kama Mukoli umeguswa, na alitaka kujua kwa namba ambazo hakuna mkubwa yeyote angeweza kuzipangusa mezani.

Kila mwisho wa mwezi alipanda pikipiki ya Abdoul, mtu mzima mwenye watoto watano na breki moja, wakaenda siku moja na nusu kama njia ni nzuri. Kule Wamaza, kuvua samaki wa vidimbwi ni kazi ya wanawake. Wanaziba kipande cha mto kwa matope na miti, wanateka maji kwa mabeseni wakiimba na kutukanana, mpaka samaki wanabaki wanagaragara kwenye tope, ndipo wanaokota kwa mikono. Kambale ni mgumu kufa, kwa hiyo waliwavua siku chache kabla Emilienne hajafika na kumwekea majike hai ndani ya pipa. Siku ya kwanza kabisa aliwaeleza vizuri, na akarudia maneno kana kwamba wako darasani.

"Thelathini wa kwanza wa kike watakaoingia mukononi," aliwaambia. "Musichague. Mukubwa, mudogo, munene, mwembamba, wote ni sawa kwangu."

"Ndiyo, Madamu," walijibu.

Waliitika Madamu kwa sababu hawakuwa na jina jingine la kumpa. Kule mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, hiyo ndiyo heshima yake. Amisa, waliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa, na aliyekuwa mkubwa wao kwenye vidimbwi, mwanamke mrefu mwenye mikono iliyochanwachanwa na miiba ya kambale, alikuwa amemuuliza kwa adabu, "Tukuite Mama nani?" Emilienne akajibu, "Sina. Mume naye amekwenda. Muniite tu Emilienne." Alilisema kama mtu anayesema hana chumvi nyumbani. Alikuwa na miaka arobaini wakati huo. Mume wake, Grégoire, alikuwa amengoja mtoto miaka kumi na mmoja, akachoka, akaenda Kindu kwa msichana mwingine. Wale wanawake walitazamana. Emilienne aliuona mtazamo ule na akauchukia, kisha akautupa nyuma ya kichwa akafungua kaye, daftari lake la vipimo. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na yeye alikuwa anatafuta kalamu.

Miaka mitatu, mwezi hata mmoja haukuruka. Thelathini kwenye pipa, thelathini mezani. Na matumbo yalikuwa yamejaa. Mayai ya kijani, yamebanana, yanang'aa, mifuko miwili minono katika kila samaki. Aliyapima, akayatia kwenye chupa za formol, akayabeba Kasongo, akayapanga kwenye rafu mpaka rafu ikapinda. Namba zilikuwa nzuri, nzuri kupita kiasi. Mstari wake kwenye karatasi haukupanda wala kushuka; Januari kama Juni, Juni kama Novemba. Profesa wake wa Kisangani, mzee asiyependa maneno mengi, aliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Msimu uko wapi?" Emilienne alimjibu kurasa mbili. Alieleza juu ya maji ya vilimani, joto lisilobadilika, chakula cha kutosha. Ilikuwa kazi safi, na kila neno lilikuwa la kipumbavu.

Raporo, ripoti yake ya miaka mitatu, ikatoka na sahihi yake chini: kambale wa Mukoli wanazaa, hakuna dalili ya kuvurugika. Biro moja ya serikali pale Kabambare, ofisi inayotoa ruhusa za mashine, iliichukua raporo hiyo kwa mikono miwili. Ruhusa ikaongezwa. Mashine tatu zikawa tisa.

Mwaka huohuo mdogo wake Benita alikufa akijifungua. Sitaki kulieleza hilo sana. Damu ilitoka usiku kucha na gari halikuwapo, basi. Alibaki mtoto wa kike, na baba yake alikuwa amekwenda machimboni miezi mingi bila habari. Emilienne alimchukua mtoto akampa jina la Dieudonnée. Kati ya kuandika raporo, mvua zilizokata njia, na msiba, alikaa miezi minane bila kukanyaga Wamaza. Profesa alipomwambia aongeze mwaka mmoja wa kupima, kwa sababu ule mstari bado ulikuwa unamwasha, alituma habari mbele, akapanda pikipiki mwezi wa nane akiwa na mtoto wa miezi minne mgongoni.

Wanawake walimwona kutoka mbali. Vigelegele vilitoka mtoni vikapanda mpaka sokoni. Walimfungua mtoto mgongoni, wakampitisha mkono kwa mkono, wakamtazama pua, wakamtazama masikio. Yaya Amisa alilia waziwazi, machozi yanatiririka mpaka shingoni, na hakujali kuyafuta.

"Karibu, Mama Dieudonnée," alisema.

Emilienne alifungua mdomo aeleze. Kisha akaufunga. Alikuwa amechoka na njia, na jina lile hakuna aliyewahi kumwita nalo. Kasongo watu walijua kila kitu, walisema "yule mtoto wa marehemu." Hapa alikuwa Mama Dieudonnée. Alijiambia nitasema kesho. Kesho yake alipasua kambale thelathini waliojaa mayai, akaondoka bila kusema.

Mwezi wa tisa alirudi. Ni mwezi wa kungoja mvua, wakati kambale jike anapaswa kuwa na tumbo la kupasuka. Aliweka meza yake kwenye kivuli cha ukuta wa shule, akapasua wa kwanza. Hakuna kitu. Nyuzi mbili za kijivu, nyembamba kama kamba ya kiatu, na vidonge vigumu humo ndani kama mchanga. Wa pili, vilevile. Wa tatu. Katika thelathini, wanne tu ndio walikuwa na mayai, na mayai yenyewe haba.

Alisimama na kisu mkononi. Alichofikiri ni hiki: wale mbwa wamemwaga pipa zima la mercure mwezi huu. Mto ulikuwa mzima Agosti, Septemba umekufa.

"Abdoul, washa pikipiki," alisema. "Tunapanda kwenye mashine sasa hivi."

Yaya Amisa alikuwa amekaa karibu, mtoto mapajani, anamtafunisha kidole chake. "Kwani umeona nini, Mama Dieudonnée?"

"Hawana mayai. Wamewatia sumu, mwezi huu huu."

"Hapana kitu mupya hapo," Amisa alisema kwa upole. "Samaki iko vile. Tangu mashini zile zifike, iko vile, na kila mwaka inazidi."

"Vile namna gani? Nimepasua kambale zaidi ya elfu moja wa muto huu. Wote walijaa."

Yaya Amisa akacheka, na wale wengine wakacheka naye, wakifunika midomo kwa vitenge. Kilikuwa kicheko walichokiweka akiba muda mrefu.

"Wale walikuwa wako," alisema.

Akaeleza. Sasa aliweza kueleza, kwa sababu kazi imekwisha na mtoto yuko mapajani. Wanawake wa vidimbwi vya Mukoli, tangu bibi zao, hawachanganyi kambale mwenye tumbo zima na samaki wa kuuza. Kama kijijini kuna mwanamke ambaye hajapata mtoto, huyo samaki ni wake. Wanamtilia kikapuni bila neno. Anafika nyumbani, anamkuta, anapika, anakula mayai. Haambiwi, maana akiambiwa haishiki. Siku akibeba mtoto ndipo wanamwambia, na wanacheka wote pamoja.

"Lakini niliwaambia musichague," Emilienne alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa kazi hatukuchagua. Tulichagua kwa ajili yako." Amisa alimpandisha mtoto begani. "Mwaka wa kwanza ilikuwa rahisi, hata miezi ya mvua wako waliochelewa kumwaga, kidimbwi kimoja na thelathini wako wametoka. Mwaka wa pili, viwili, vitatu. Huu wa mwisho tulikausha saba. Siku tatu magoti kwenye tope, na Subira huyu mimba miezi minane, anateka maji pamoja na sisi. Tulisema, huyu mwanamuke anakuja mbali kila mwezi, na nyumbani hakuna wa kumupokea. Na tazama, Mungu hakulala."

Mimi ningependa kusema kwamba Emilienne alikaa chini, akashika mkono wa yule mwanamke, akalia. Hakufanya hivyo. Hasira ilimpanda kutoka miguuni. Aliona raporo yake, aliona sahihi yake, aliona mashine tisa, aliona kurasa mbili alizomwandikia profesa. Na chini ya yote hayo aliona ule mtazamo wa siku ya kwanza, ule aliouchukia, kumbe ulikuwa umekaa miaka mitatu kwenye pipa unamngoja kila mwezi.

"Nani aliwaomba huruma?" alisema. "Nani? Nilikuja hapa na mizani, sikuja kuomba mimba. Mumeniharibia kazi yote. Na huyo mutoto si wangu. Ni wa Benita, mudogo wangu, alikufa akimuzaa. Munasikia? Mimi sikuzaa kitu. Mayai yenu haikufanya kitu hata kidogo."

Subira, yule aliyeteka maji na mimba, aliinamisha kichwa akaanza kuchezea ukingo wa beseni. Abdoul alikwenda kutazama pikipiki ambayo haikuwa na shida yoyote. Yaya Amisa hakuwa amekasirika. Aliuliza jambo moja.

"Ulikula?"

"Nini?"

"Mayai. Tulikupa miaka mitatu. Ulikula?"

"Nimeweka kwenye formol."

"Formol ni nini?"

"Dawa ya kuzuia kitu kisioze. Iko kwenye machupa, Kasongo. Yote."

Amisa alimfuta mtoto mate kwa pembe ya kitenge chake. "Basi unajuaje kama haikufanya kitu?"

Lilikuwa swali ambalo Emilienne mwenyewe angemuuliza mwanafunzi wake, na mwanafunzi asipojibu angempa sifuri.

Alibaki Wamaza siku mbili zaidi. Kesho yake asubuhi aliingia topeni mwenyewe na sketi yake ya chuoni, akateka maji na wale wanawake waliomkubali bila maneno mengi, akaokota kila samaki wa kidimbwi kimoja, mwenye tumbo na asiye na tumbo. Walikuwa arobaini na mmoja. Majike ishirini na wawili, wenye mayai watatu. Katika madume, wawili walikuwa na chembe za mayai ndani ya viungo vyao vya kiume. Alikaa na mmoja wa hao kwenye kiganja kwa muda mrefu. Huo ndio ushahidi aliokuwa akiutafuta tangu mwanzo, na ungekuwa mkononi mwake tangu mwezi wa kwanza kama angekuwa na mtoto, au kama angekuwa mbaya kidogo wasimhurumie.

Na hesabu nyingine ilimjia bila kuitwa. Samaki thelathini, mara miezi thelathini na saba. Zaidi ya elfu moja na mia moja, wote majike, wote wenye tumbo. Sumu ilikuwa imewanyamazisha wengine, sawa. Lakini wale wachache waliokuwa bado wanaweza kuzaa, ni nani aliyewatoa mtoni mmoja mmoja mpaka vidimbwi saba havikutosha? Sio mashine.

Kutoka hapo alikwenda Kabambare moja kwa moja, matope mpaka magotini. Mkubwa wa biro ile aliitwa Nathanaël. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akafungua droo, akaweka mezani raporo yenye sahihi yake.

"Madame, mimi si mutu wa samaki," alisema. "Lakini nimwamini nani? Emilienne wa miaka mitatu, ama Emilienne wa siku moja?"

"Nimekueleza sababu."

"Umenieleza kwamba wamama walichagua wazuri. Na nani ataniambia kwamba leo wewe hukuchagua wabaya?"

Alikuwa anajua kuongea, yule. Na ubaya ni kwamba alikuwa sahihi, kwa sheria zilezile ambazo Emilienne huwafundisha vijana wa mwaka wa kwanza. Mwishowe alimpa njia moja. Faili ya Mukoli inafungwa mwisho wa Desemba. Amletee miezi mitatu mfululizo, Oktoba, Novemba, Desemba, thelathini kila mwezi bila kuchagua, na karatasi yenye alama za vidole vya wanawake waliovua. Mwezi mmoja ukikosekana, au ukiwa na walakini, faili inafungwa na mashine zinabaki kwa miaka mitano.

Akarudi Wamaza. Safari hii aliomba msamaha, na kwa mtu kama yeye lilikuwa jambo zito kuliko kuteka kidimbwi. Aliwaita wote, akawaambia, nisameheni kwa maneno yangu, mulinipenda na mimi niliwatukana. Kisha akaomba maharagwe kidogo, akayamwaga kwenye ungo, mazima na yaliyooza. Akaonyesha: ukinipa mazima tu, mimi nitasema gunia ni zima, na mwenye gunia atalala usingizi huku linaoza. Yaya Amisa alisikiliza mpaka mwisho.

"Tumeelewa tangu zamani," alisema. "Hatuko watoto."

"Sitaweza kuja Oktoba, ni mitihani. Nitamutuma Abdoul. Thelathini wa kwanza, Yaya. Bila huruma."

"Bila huruma," Amisa alirudia. "Ndiyo, Madamu."

Jina lilikuwa limerudi lile la zamani. Emilienne, anayemsikia mwanafunzi akinong'ona benchi la nyuma, hakulisikia.

Oktoba ilikuwa ndefu. Alisimamia mitihani, mtoto akashikwa na malaria, akapona, akaanza kukaa mwenyewe akiegemezwa mto. Kila jioni Emilienne aliandaa meza kana kwamba Abdoul anafika kesho: mizani, kisu, kaye mpya yenye mistari aliyoichora kwa rula. Alimwandikia profesa kwamba yote ya nyuma yafutwe, ni kosa lake, na kwamba sasa ataleta ukweli. Profesa alijibu neno moja, "Nangoja." Siku hizo alikuwa karibu na furaha. Mwezi mmoja safi, halafu wa pili, halafu wa tatu, na Nathanaël atatafuta droo nyingine ya kufungua.

Abdoul alifika Alhamisi ya mwisho ya mwezi, saa tisa mchana, amejaa tope jekundu mpaka kwenye nyusi. Alishusha bidoni, dumu la manjano lililokatwa juu. Kambale walikuwa wamekufa njiani, tairi lilipasuka mara mbili na maji yakapata moto. Emilienne alitumbukiza mkono akaanza kuwapanga mezani. Alipanga kumi na mmoja, mkono ukagusa chini ya bidoni.

"Wengine wako wapi?"

Abdoul alianza kukunja kamba ya pikipiki. Emilienne alichukua kisu akapasua wa kwanza. Mayai yalimwagika yenyewe kabla kisu hakijamaliza, ya kijani, yanang'aa, mazuri sana. Akapasua wa pili. Akapasua wa tatu. Hakuwa na haja ya kuendelea lakini aliendelea mpaka wa kumi na moja, kwa sababu ndiyo kazi aliyoizoea.

"Yaya Amisa amenipa maneno," Abdoul alisema. "Ameniambia niseme yote kama yalivyo."

"Sema."

"Amesema: Madamu, maneno yako ya kazi tumeyasikia na ni ya kweli. Lakini kazi inaweza kungoja mwaka mwingine. Wewe una miaka arobaini na mitatu, huwezi kungoja. Tulikausha kila kidimbwi, siku sita, mpaka kule njia ya Lusangi. Tumepata hawa. Mwingine hakuna, tumetafuta vizuri." Alifuta tope kwenye nyusi. "Amesema pia wanajua mutu akiambiwa haishiki. Lakini wewe usipoambiwa unaweka kwenye dawa. Kwa hiyo wamekuambia. Usiweke kwenye chupa. Kula."

Emilienne aliketi. Alitazama kaye, safu ya kwanza, tarehe imeshaandikwa. Thelathini bila kuchagua, na mbele yake walikuwa kumi na mmoja waliochaguliwa, na Oktoba imepita. Faili ilikuwa imefungwa hapo hapo mezani. Mvua zilikuwa zimeanza wiki ile, maji ya Mukoli yalikuwa yanapanda juu ya majani, na wale wa mwisho waliopaswa kuyaingia majani hayo na kumwaga walikuwa wamelala mbele yake matumbo wazi. Alijua pia, maana hakuwa mjinga, kwamba angeuacha uongo mmoja tu ukae, ule mtamu wa Mama Dieudonnée, angepata namba zake zote za kweli.

Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye chupa ya formol, ukaishika, ukakaa hapo. Kisha ukaiacha.

Aliwasha mbabula, jiko lake la makaa, uani. Alitia mafuta ya mawese kwenye kikaango, chumvi, kitunguu, akayamimina mayai. Alimkaribisha Abdoul, naye akatikisa kichwa, akasema hicho si chakula cha mwanaume, akaondoka akisukuma pikipiki bila kuiwasha. Emilienne alijua kilichomo ndani ya mayai yale. Kasongo nzima hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye mercure hujificha wapi katika samaki na humfanya nini mwanamke. Na alijua kwamba kwa miaka arobaini na mitatu, na mume aliyekwenda, alichokuwa anakifanya hakikuwa na maana yoyote inayoweza kuandikwa kwenye kaye.

Alikula kwa mkono, palepale mbele ya mbabula, na yalikuwa matamu, jambo ambalo hakulitegemea, akaanza kulia huku anatafuna. Dieudonnée alikuwa mapajani. Aliona chakula, akanyoosha vidole kutaka sahani. Emilienne aliushika ule mkono mdogo, akauzuia, akaendelea kula kwa mkono mwingine mpaka sahani ikawa tupu.